Ben Mtobwa: Mtunzi wa riwaya za upelelezi aliyeamua kuchapisha vitabu

Wasomaji wa riwaya za Kiswahili waliokulia katika miaka ya 1980 na 1990 hawalisahau jina la Joram Kiango, mpelelezi wa kujitegemea aliyepambana na wauaji na majasusi akisaidiana na mwenzake, Nuru. Aliyewabuni wahusika hao ni Ben R. Mtobwa, aliyezaliwa mwaka 1958 mkoani Kigoma na kufariki dunia mwezi Novemba 2008. Mtobwa hakuishia katika utunzi, bali alianzisha kampuni ya uchapishaji ya Heko Publishers jijini Dar es Salaam.

Riwaya zake za uhalifu zilibeba masuala mazito ya wakati wake. Katika “Tutarudi na Roho Zetu?”, Joram anakabiliana na njama za utawala wa makaburu wa Afrika Kusini dhidi ya nchi zilizounga mkono ukombozi. “Zawadi ya Ushindi” inahusu Vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979 na majeraha yaliyobaki kwa waliopigana. “Dar es Salaam Usiku”, iliyotolewa na Heko mwaka 1990, inaingia katika maisha ya jiji baada ya jua kuzama, ambako utajiri, umaskini na biashara ya ngono hukutana. Tafsiri yake ya Kiingereza ilitolewa jijini Nairobi mwaka 1999.

Uamuzi wa mtunzi kuwa mchapishaji unaeleweka zaidi ukitazamwa katika mazingira ya wakati huo. Shirika la umma la Tanzania Publishing House lilikuwa limeanzishwa mwaka 1966, lakini katika miaka ya 1980 nchi ilikumbwa na uhaba wa fedha za kigeni, hali iliyoathiri upatikanaji wa karatasi na vifaa vya uchapaji. Vitabu vya shule vilihitajika kwanza, na riwaya za burudani zikategemea zaidi wachapishaji wadogo binafsi, ambao vitabu vyao vyembamba vya bei nafuu viliwafikia wasomaji wa mijini.

Kwa utaratibu wa kawaida, mchapishaji hugharimia uhariri, uchapaji na usambazaji, naye mtunzi hulipwa mrabaha kulingana na mauzo. Mtunzi anayejichapishia hubeba mizigo yote miwili. Kitabu kisipouzwa, hasara ni yake. Kikiuzwa, faida hubaki kwake pamoja na uhuru wa kuamua kitabu kipi kitoke na lini.

Njia hiyo ina udhaifu unaojitokeza mwenye kampuni anapofariki. Mtunzi na mchapishaji wakiwa mtu mmoja, wote wawili huondoka siku moja. Miswada isipohifadhiwa na mikataba isipoandikwa, warithi hupata shida kuvirejesha vitabu sokoni, na msomaji huishia kutegemea nakala chakavu au zile zinazosambazwa kwenye simu bila idhini.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi katika uhai wake wote na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo, kazi za Mtobwa zinaendelea kulindwa hadi mwisho wa mwaka 2058. Kitabu kutoonekana dukani hakumaanishi kuwa kila mtu ana ruhusa ya kukinakili. Anayetaka kukichapa upya, kukitafsiri au kukigeuza filamu anapaswa kupata kibali cha mwenye haki, awe mrithi au mchapishaji mwenye mkataba. Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) ndiyo yenye dhamana ya kusajili kazi na kulinda maslahi ya wabunifu.

Leo vijana wenye vipaji wana majukwaa ambayo Mtobwa hakuyapata, ikiwemo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na ambayo riwaya ni mojawapo ya nyanja zake. Hata hivyo, safari ya Mtobwa inabaki kuwa funzo kwao: pamoja na kuandika vizuri, mtunzi anapaswa kusajili kazi zake, kutunza miswada na kuweka mikataba kwa maandishi, ili vitabu vyake viendelee kusomwa na familia yake iendelee kunufaika baada yake.