Unasaka kimya? Hivi ndivyo utakavyochagua hekalu la kulala Koyasan

IKIWA umezoea usiku wa Nairobi, honi za matatu na muziki wa baa jirani, ukisikia ‘hekalu la Kibuddha’ unadhani hapo ni usingizi wa pono moja kwa moja. Polepole. Hekaluni pia kuna wageni wanaokoroma, milango inayosukumwa usiku na kengele ya alfajiri.

Vijana wetu walioko Japani kwa masomo au kwa mbio za kulipwa wakipata likizo, hutamani mahali pa kutuliza akili. Mojawapo ya mahali panapotajwa kwanza ni Koyasan, mlimani kusini mwa jiji la Osaka.

Mtawa Kukai alipewa ardhi hiyo na mfalme mwaka wa 816 ili ajenge makao ya ibada. Leo mji huo mdogo, ulio karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, una mahekalu zaidi ya 100, na takriban 50 kati yao hulaza wageni. Malazi ya aina hiyo huitwa shukubo.

Si ya bei rahisi. Bei nyingi huzidi yen 10,000 kwa usiku, na unalipia kichwa, si chumba. Chakula cha jioni na cha asubuhi kwa kawaida kimo ndani ya bei. Kwa mwanafunzi anayehesabu kila yen, kukosea ni kuchoma pesa. Kwa hivyo uliza maswali haya kabla ya kulipa.

Swali la kwanza ni ukuta. Katika vyumba vingi vya zamani, kinachokutenga na jirani ni mlango wa karatasi wa kusukuma uitwao fusuma. Akikohoa, umesikia. Akipiga simu, utajua hata habari za kwao. Uliza kama chumba kina kuta kamili na mlango wa kufunga kwa ufunguo. Vipo, ila huwa ghali zaidi.

Pili, uliza ukubwa wa hekalu na kama siku hiyo kuna kundi la watalii au mahujaji. Hekalu kubwa lenye sifa mtandaoni laweza kujaa watu kuliko hoteli. Epuka Jumamosi, msimu wa majani mekundu mwishoni mwa Oktoba na mapema Novemba, na Agosti 13, usiku wa tamasha la mishumaa. Jumanne au Jumatano ya kawaida ni afadhali.

Tatu, angalia chumba kinatazama wapi. Barabara ya mabasi inapita katikati ya mji. Omba chumba cha nyuma, upande wa bustani au msitu.

Nne, uliza kuhusu bafu na baridi. Bafu huwa ya pamoja, wanaume kwao na wanawake kwao, na watu huoga bila nguo. Kama hilo halikubaliki kwako, tafuta chumba chenye bafu yake. Januari na Februari theluji huanguka na mbao za zamani hazizuii baridi, basi ulizia kifaa cha kupasha joto.

Halafu kuna saa. Hapa ndipo wengi hubanwa. Chakula cha jioni huliwa mapema, mara nyingi saa kumi na moja na nusu au saa kumi na mbili jioni. Lango hufungwa karibu saa tatu usiku, na ibada huanza karibu saa kumi na mbili asubuhi. Kutoka Namba, Osaka, utapanda treni, kisha kigari cha kebo kinachopanda mlima, kisha basi. Ukichelewa, chakula hakikungoji.

Chakula chenyewe hakina nyama wala samaki, wala vitunguu. Utakula mboga, tofu iliyokaushwa kwa baridi na ‘tofu’ laini ya ufuta. Muislamu aulize kama mapishi yana mvinyo wa mchele, na asishangae kuona bia ikiuzwa. Mahekalu mengi hayalazimishi mgeni kuhudhuria ibada, lakini ukiingia, kaa kimya na simu uizime.

Ukitaka kimya kisicholipiwa, amka na mapema utembee Okunoin, makaburi yaliyo chini ya miti mirefu ya mierezi. Njia yake ni kilomita mbili hivi na ina makaburi zaidi ya 200,000. Ukivuka daraja la mwisho kuelekea kaburi la Kukai, kupiga picha ni marufuku.

Kumbuka, hapo ni nyumbani kwa watawa na wewe ni mgeni. Kimya unachokitafuta kitategemea pia jinsi utakavyofunga mlango wako usiku.