Je, Wajua? Ukimaliza Usiku wa Saba Unafutwa Kazi!

Vijana wanaocheza gemu za kutisha kwenye simu wanaijua Five Nights at Freddy's. Scott Cawthon wa Marekani aliitoa mwaka 2014. Wewe ni bawabu wa usiku, kuanzia saa sita hadi saa kumi na mbili asubuhi, na midoli ya mitambo inakuwinda. Kila mlango unaofunga na kila taa unayowasha inakula stima. Ikiisha, giza, kisha Freddy.

Ukishinda usiku wa sita, wa saba unafunguka. Hapo unajipangia ukali wa midoli hiyo, Freddy, Bonnie, Chica na Foxy, 0 hadi 20. Wote wakiwa 20, kamera nyingi hutazami: unachungulia kidogo, unaangalia milango, unarudia hivyo hivyo mpaka kuche.

Ukipanga 1, 9, 8, 7 ukitafuta siri, utarukiwa tu na Golden Freddy, yaani Freddy wa dhahabu. Na ukimaliza usiku wa saba, zawadi yako ni barua ya kufutwa kazi: umechezea mitambo, na tena unanuka.