Kwa nini ndimu inaharibu maji ya sabuni?



Kwenye beseni za kunawia mikono tumeona wengine wanakamulia ndimu ndani ya maji ya sabuni, eti ipate nguvu. Tuelezane, sababu inaipunguza.

Sabuni nyingi ya hapa Butembo inapikwa na mawese ya upande wa Beni pamoja na soda kostiki. Ndani ya mawese kuna asidi za mafuta. Tuchukue moja, asidi oleiki, karibu sehemu 4 juu ya 10. Molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji, na mkia wa mafuta unaoyakimbia.

Katika maji ya sabuni safi, pH ni karibu 10. Vichwa vyote vina chaji hasi, vinasukumana, kila kimoja kinataka nafasi. Basi molekuli zinajipanga kama kimpira: mikia ndani, vichwa inje. Kimpira hiki ndicho kinachobeba uchafu wa mafuta.

Sasa ongeza asidi kidogo kidogo. Kwenye pH 8 au 9, karibu nusu ya vichwa vimepokea ayoni ya idrojeni na kupoteza chaji. Kichwa chenye chaji hakisukumi tena jirani yake, kinashikana naye. Molekuli zinasimama bega kwa bega, safu mbili, mkia kwa mkia, kama shuka. Lakini kingo za shuka hazivumilii maji, kwa hiyo linajikunja na kujifunga, linakuwa kifuko chenye maji ndani. Gebicki na Hicks walionyesha vifuko hivi mwaka 1973. Wataalamu wengi wanafikiri chembe hai za kwanza duniani zilivaa ngozi ya namna hiyo. (Wewe unayesinzia saa ya shimi, hapo ulikosa utamu.)

Ukizidisha ndimu mpaka pH 7 na chini yake, chaji karibu yote inaisha. Vifuko vinavunjika, mafuta yanarudi kuwa matone. Maji yanakuwa meupe kama maziwa, utando unaelea, povu hakuna. Hiyo si sabuni tena.

Na kwetu hilo si jambo dogo. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ilifika Beni na Butembo. Mpaka ilipokwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikufa katika mashariki ya inchi yetu. Virusi vyake vimevaa ngozi ya mafuta iliyotoka kwenye chembe za mgonjwa. Molekuli za sabuni zinajichomeka katika ngozi hiyo na kuipasua. Matone ya mafuta hayawezi kazi hiyo.

Kwa hiyo wenye zamu ya maji, mkikuta beseni yenye maji meupe na bila povu, yamwageni, mtie mengine.