Bima ya afya kwa wote (2): Kadi isiyofika kwa mkulima

Wiki iliyopita niliishia mwaka 1993, Serikali ilipoanza kuwataka wananchi wachangie gharama za matibabu katika hospitali za umma. Miaka mitatu baadaye, Wilaya ya Igunga mkoani Tabora ikachaguliwa kujaribia njia nyingine: kaya ilipe mara moja kwa mwaka, ipewe kadi, kisha itibiwe bila kudaiwa fedha kila inapofika zahanati. Huo ndio mwanzo wa Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF. Serikali nayo iliahidi kuongeza kiasi kilekile kilichochangwa na wanachama, utaratibu ambao watu wa afya wanauita tele kwa tele. Sheria ya CHF ilipitishwa mwaka 2001, na mwaka huohuo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ukaanza kuwahudumia watumishi wa umma.

Tangu hapo imepita zaidi ya miaka 20. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, na wakati huo waliokuwa na bima ya aina yoyote walikuwa takriban asilimia 15 tu. Kwa nini?

Jibu linalotolewa sana mikutanoni ni kwamba wananchi hawana elimu ya bima. Silikubali jibu hilo. Nenda kwenye kikoba chochote cha akina mama. Mbali na hisa, kila mwanachama anatoa kitu kidogo kwenye mfuko wa jamii, na anayeuguliwa au kufiwa anasaidiwa kutoka humo. Asiyepata tatizo mwaka mzima hadai fedha yake irudishwe. Hiyo ni bima, na imeendeshwa na watu ambao hawajawahi kukaa kwenye semina ya bima. Wanaijua. Wanachokataa ni namna wanavyouziwa.

Tuangalie kwanza malipo. Muswada wa kwanza wa bima ya afya kwa wote ulipofika bungeni mwaka 2022, kiasi kilichotajwa kilikuwa shilingi 340,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na 84,000 kwa mtu mmoja. Kaya hiyohiyo kwenye CHF iliyoboreshwa ilikuwa inalipa 30,000. Gawa 340,000 kwa siku za mwaka, utapata kama shilingi 930 kwa siku. Dereva wa bodaboda anayepeleka hesabu kwa tajiri wake kila jioni anaweza kuidunduliza hiyo, ingawa kwa kujinyima. Kuitoa yote kwa mkupuo ni jambo jingine kabisa. Mkulima wa pamba wa Igunga anashika fedha baada ya kuuza. Kadi yake ikiisha Februari, katikati ya mvua, malaria iko juu na mfukoni hamna kitu. Anakosa bima katika miezi ileile anayoihitaji kuliko yote.

Kinachofuata ni kile ambacho kadi inanunua. Mama mmoja ninayemfahamu alilipia CHF miaka miwili mfululizo. Kila alipompeleka mtoto zahanati alionwa vizuri, akapimwa, kisha akaandikiwa karatasi: dawa hakuna, kanunue nje. Mwaka wa tatu hakurudi kulipa. Aliniuliza, "Nilipie nini, karatasi?" Sikuwa na la kumjibu, na hadi leo sijalipata. Bima bila dawa ni kuwadhulumu watu walioitikia wito. Ndiyo maana naamini kila shilingi ya uhamasishaji ingefanya kazi kubwa zaidi ikipelekwa Bohari ya Dawa.

Lakini kikwazo kikubwa hakionekani kwa macho, na hapa naomba msomaji anifuate taratibu. Bima ikiwa ya hiari, nani hujiunga kwanza? Anayejijua mgonjwa. Chukua mfano wa kaya 100 kijijini. Kumi zina mgonjwa wa kisukari, figo au selimundu, na hizo ndizo zinazokimbilia kadi. Tisini zenye afya zinasubiri. Mfuko unakusanya michango ya kaya kumi na kulipa bili za kaya hizohizo kumi, kwa hiyo hautoshi. Ukipandisha bei, wachache wenye afya waliokuwamo wanatoka. Ukipandisha tena, wanabaki wagonjwa watupu.

Hicho ndicho kilichoikumba Toto Afya Kadi. Mzazi alilipa shilingi 50,400 kwa mwaka, mtoto akatibiwa. Ilikuwa neema kwa wazazi wengi, nami nawaelewa waliolia Machi 2023 NHIF iliposimamisha uandikishaji wa mtoto mmojammoja na kuelekeza watoto waandikishwe kupitia shule au vifurushi vya familia. Maelezo ya mfuko yalikuwa kwamba wengi walioletwa walikuwa tayari wagonjwa. Mzazi hakukosea kumleta mtoto anayeumwa, angefanya nini? Kosa lilikuwa la mpango uliomwacha jirani yake mwenye watoto wazima abaki nyumbani.

Kwa hiyo Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, Novemba 2023, na kuifanya bima kuwa ya lazima, lilishika jambo la msingi. Lakini lazima bila msaada ni faini kwa maskini. Sheria inataja vyanzo vya kuwagharamia wasio na uwezo, ukiwamo ushuru wa vinywaji na vipodozi na kodi ya michezo ya kubahatisha. Hapo ndipo sheria hii itasimama au kuanguka.

Ghana ilipitia njia hiyo mapema. Sheria yao ya 2003 ilitenga tozo ya asilimia 2.5 juu ya bidhaa na huduma kwa ajili ya bima ya afya, na watoto chini ya miaka 18 hawalipi mchango. Tozo ikawa chanzo kikubwa cha mfuko kuliko michango ya wanachama. Hata hivyo, sheria ya 2017 ikaiwezesha Hazina kubakiza sehemu ya makusanyo, na hospitali zikalalamikia malipo yanayochelewa. Kutenga fedha kwa jina hakutoshi kama anayeshika ufunguo wa sanduku ni mwingine.

Jirani zetu Rwanda walipanga kaya kwa madaraja ya kipato yaitwayo Ubudehe. Daraja la chini kabisa lililipiwa na serikali, la juu likatozwa faranga 7,000 kwa mtu, na walio katikati 3,000. Watu wengi walidunduliza mchango katika vikundi vyao vya akiba, ibimina, na waliojiunga wakavuka asilimia 80. Kenya ilianza mfuko wake wa bima ya afya, SHIF, Oktoba 2024 kwa kima cha chini cha shilingi zao 300 kwa mwezi, lakini asiye na ajira rasmi akatakiwa kulipa mwaka mzima kwa pamoja. Malalamiko yalikuja haraka, na serikali ikalazimika kuanzisha mkopo wa kulipia mchango. Nasi tunaweza kuepuka hilo: mchango wa mkulima ukatwe kwenye chama cha ushirika siku anapolipwa mazao, wa bodaboda na mamalishe upokewe kidogokidogo kwa simu, na kaya maskini ambazo TASAF imekwisha kuzitambua zipewe kadi bila kuombwa fomu nyingine.

Mgogoro wa kitita cha bei wa Machi 2024, uliofanya hospitali kadhaa binafsi kukataa kadi za NHIF, nitauchambua wiki ijayo.

Waheshimiwa wabunge, bajeti itakaposomwa Juni, tafuteni kwanza kifungu cha fedha za kaya zisizo na uwezo. Kikiwa hakipo, msiipitishe. Nawe msomaji, mbunge wako akija jimboni, muulize alikiona ukurasa wa ngapi.