Injini ya Mashine ya Kumenya Kahawa Inapokataa Kuwaka

Kahawa mbivu haisubiri. Matunda yaliyochumwa leo yapasa kumenywa leo. Yakilala guniani huanza kuchacha, na kahawa itokanayo nayo hushuka daraja, hasara iwaangukiayo wanachama wote walioleta mizigo yao jioni ile. Kwa hiyo injini ndogo ya petroli inapokataa kuwaka mwanzoni mwa msimu, mhudumu wa mashine hana budi kujua aanzie wapi.

Desturi ya wengi ni kumwita fundi, naye fundi akakimbilia kuifungua kabureta yote. Kwa maoni yetu huko ni kuanzia mwisho. Mara nyingi ugonjwa umo katika mafuta. Kilimanjaro, kwa mfano, uchumaji huanza karibu na mwezi wa Julai na kuendelea hadi Desemba. Baada ya hapo injini hukaa bandani miezi mingi, masika nzima ikiwamo. Petroli iliyoachwa tangini hupotewa na sehemu yake nyepesi, ile hasa ishikayo moto upesi, na masalio yake hunata kama gundi katika vitundu vyembamba vya kabureta. Unyevu nao huingia. Chota petroli kidogo katika chupa ya kioo, uiache itulie: maji yakiwamo yatajitenga chini. Ikiwa harufu yake ni nzito kama ya rangi ya zamani, itoe yote, ulegeze na skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta ili iliyomo itoke, kisha utie petroli mpya.

Ikiwa bado haiwaki, vuta kamba mara kadhaa, kisha fungua plagi uitazame. Plagi kavu maana yake petroli haifiki: kagua koki, chujio, na kitundu cha hewa katika kifuniko cha tangi, ambacho huzibwa na vumbi na utomvu wa kahawa. (Kitundu hiki ndicho huifanya injini iwake vizuri, kisha izime baada ya dakika chache.) Plagi iliyolowa huonyesha kuwa petroli imezidi, kwa kawaida kwa sababu choki iliachwa imefungwa huku kamba ikivutwa mfululizo. Ikaushe plagi, fungua choki, vuta kamba mara chache tundu likiwa wazi, kisha ungoje mvuke upotee.

Ndipo upime cheche. Rudisha plagi katika kofia ya waya wake, uigusishe chuma chake na mwili wa injini, mbali na tundu lake, maana mvuke utokao humo waweza kulipuka. Mwenzako avute kamba. Cheche ya buluu yenye nguvu yatosha. Isipoonekana, jaribu plagi mpya kabla ya kununua koili, ambayo bei yake ni kubwa zaidi. Pengo la plagi katika injini nyingi za aina hii ni milimita 0.7 hadi 0.8, lakini kitabu cha injini yenu ndicho kifuatwe.

Yako mambo mawili yasiyoshukiwa. La kwanza ni mkanda: injini baridi inayolazimika kuizungusha na mashine yenye matunda ndani haitapata mwendo wa kuwaka. Ulegezeni mkanda kwanza, na mashine iwe tupu. La pili ni oili. Baadhi ya injini, zikiwamo nyingi za Honda za jamii ya GX, zina swichi inayokata cheche oili inapopungua. Mhudumu atavuta kamba hata mkono uume, na injini haina kosa lolote. Pima oili injini ikiwa imekaa sawa, kwani sakafu yenye mteremko nayo huidanganya swichi hiyo.

Msimu ukiisha, ondoeni petroli tangini, kisha mwashe injini hadi imalize iliyobaki katika kabureta na kuzima yenyewe. Ikipoa, tieni kijiko kimoja cha oili katika tundu la plagi, vuteni kamba polepole mara mbili tatu, mrudishe plagi, halafu mvute tena hadi mkono uhisi uzito, na kuiacha hapo. Valvu zitakuwa zimefungwa, na unyevu wa masika hautapata njia ya kuingia katika silinda.