Mzuka Umekata, Njoo Jumuiya

Oya wanangu, baridi ya Juni Kaengesa isikieni tu. Tuko juu kwenye tambarare ya Ufipa, na saa kumi na mbili asubuhi upepo unakung'ata masikio kama unakudai. Sasa vuta picha: Jumamosi, geto kimya, nimejikunja chini ya blanketi mbili, na bimkubwa anagonga mlango. "Amka, jumuiya leo iko kwa jirani." Nikaganda. Huyo jirani ndiye mtu wa mwisho niliyetaka kumwona.

Nilikuwa nimerudi kutoka Dar wiki chache tu, nimefulia vibaya, sina hata jero. Kilichonimaliza ni mikeka. Kama hujawahi kubeti, iko hivi: mkeka ukitiki, mzuka unaokupanda si wa nchi hii, unawaita washkaji, unanunulia geto zima chipsi kuku. Timu moja ikizingua dakika ya tisini, mkeka umechanika, unalala na maji. Kesho unarudi tena, na wala sio mkwanja unaoufuata. Unaufuata ule mzuka.

Bibi aliponisikia nasema "nilikuwa na mzuka" aliacha kupepeta. Kwake mzuka ni kile kinachotoka makaburini usiku. Akataka kujua kama nimeshaonana na katekista. Nilicheka mpaka machozi, ila baadaye nikakubali kwamba bibi anakijua Kiswahili kuliko sisi wa mjini: kitu kinatokea ghafla, nywele zinasimama, ukigeuka hakipo.

Dini huku kwetu si fasheni ya juzi. Wamisionari wa Afrika walitua Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Mwazye, Ufipa hii hii, ndiko alikozaliwa Kardinali Polycarp Pengo mwaka 1944. Hapa Kaengesa kwenyewe tuna seminari. Safi sana, lakini historia haimtoi mchizi aliyefulia kwenye blanketi. Nilitoka kwa sababu bimkubwa hajui kugonga mara moja.

Sasa jumuiya. Maaskofu wa AMECEA, yaani wa upande wetu huu wa Afrika, waliamua mwaka 1976 kwamba Jumuiya Ndogo Ndogo ndizo ziwe kipaumbele cha kazi yao. Nyumba chache zinazopakana, mnakutana kwa zamu nyumba hadi nyumba, mnasali, mnasoma Neno, mnaulizana nani anaumwa. Najua, vijana wengi wakisikia jumuiya wanasikia michango, na sitawabishia, daftari la michango lipo na linatembea. Ila lipo na jambo lingine.

Jumamosi rozari inasaliwa kwa Matendo ya Furaha. Zamani yalikuwa ya Jumatatu na Alhamisi. Mwaka 2002 Papa Yohane Paulo wa Pili alipoleta Matendo ya Mwanga, hayo yakachukua Alhamisi, ya Furaha yakabaki na Jumatatu yake na kupewa Jumamosi. Nimepiga magoti kwenye turubai, natetemeka, nikaanza kuyasikiliza kwa mara ya kwanza. Tendo la nne: mzee Simeoni amembeba mtoto Yesu, anashangilia, hapo hapo anamwambia maza wake kwamba upanga utaupenya moyo wake. La tano ndio noma kabisa: dogo wa miaka kumi na miwili anapotea, anatafutwa siku tatu. Bimkubwa wangu akinikosa saa mbili tu anapiga simu mpaka kwa konda.

Tulipomaliza nikaropoka: "Samahani, hivi hii nayo ni furaha?" Watu wakaguna. Jirani, mwenye nyumba, alikuwa anamimina uji wa ulezi. Hakuinua hata kichwa. "Walimtafuta wawili, mwanangu. Mtu akitafuta peke yake anaanza kuwashuku majirani."

Uji ulinipalia.

Hapa lazima niwaeleze. Kaengesa yetu iko Sumbawanga, na jina hilo wazee wanalitafsiri "tupa uchawi". Ukisema Dar kwamba unatokea huko, washkaji wanajifanya kusogeza viti. Utani tu, nami nilikuwa nacheka nao. Lakini nilipofulia, sikuanza kupiga hesabu ya mikeka. Nilianza kujiuliza nani kanichezea. Nikamchagua huyu mama jirani, kwa kosa la kuniuliza siku naondoka, "Utarudi lini?" Miezi mingi nilimbeba kichwani, namwogopa, namchukia, na yeye kumbe yuko zake anapalilia maharage.

Ndio maana siku hizi nikisikia mtu anahubiri furaha kama kitu unachomwagiwa ghafla kwenye mkutano, toa sadaka nono leo upokee mara mia kesho, naona mkeka mwingine tu. Kubeti na Mungu nako ni kubeti. Paulo aliwaandikia Wafilipi wafurahi akiwa ndani, kafungwa minyororo, na hakuna kilichokuwa kimemtikia. Alikuwa na watu wanaomkumbuka na kumtumia mahitaji, na barua imejaa hao watu.

Furaha niliyoikuta Kaengesa haina kelele. Naimba sauti ya nne kwaya, nota bado zinanipiga chenga. Pesa bado ngumu. Ukivuna mahindi anakuja mnunuzi anataka lumbesa, gunia lina kilemba kama bibi harusi, na bei ni ya gunia la kawaida. Mikeka pia, siwadanganyi, wikiendi vidole vinawasha. Tofauti ni kwamba kila Jumamosi nakaa kwenye nyumba ya mtu ambaye ningeweza kumshuku, nakunywa uji wake, namwombea mwanawe anayeumwa. Ni ngumu kumwogopa mtu uliyemuombea wiki tatu mfululizo. Jaribu uone.

Jumamosi iliyopita zamu ilifika kwangu. Geto lina kigoda kimoja na ndoo ya kukalia. Nilikuwa nje nafagia, giza bado, nikamwona jirani anakuja na benchi kichwani, pumzi inamtoka kama moshi. Akalishusha, akajishika kiuno, akaniuliza aliweke wapi.