Waamuzi wa Insha na Mada ya Korosho

Yeyote aliyepata kukalishwa katika jopo la waamuzi wa insha zenye mada moja anaijua taabu yake: insha ya kwanza huisoma kwa shauku, ya kumi huisoma kwa subira, na zifuatazo huzisoma kwa sababu ametoa ahadi. Mada ikiwa moja, fikra nazo huelekea kuwa moja; na katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, ambako mada ya korosho haiepukiki maadamu ndiyo riziki ya nyumba nyingi, mwamuzi na ajiandae kuambiwa tena na tena kwamba korosho ni dhahabu ya kijani, kwamba ni uti wa mgongo wa uchumi wa kusini, na kwamba wakulima hawana budi kulima kisasa. Hakuna uongo katika maneno hayo. Kasoro yake ni kuwa mtu angaliweza kuyaandika hali hajapata kusimama chini ya mkorosho hata siku moja.

Tuseme basi kwamba katika lundo lile yumo kijana anayeeleza jinsi baba yake, mwezi Juni, jua halijachomoza na umande ungali majanini, anavyotangulia shambani na mashine ya kupulizia mgongoni, ili salfa iyawahi maua kabla ubwiri unga haujayanyausha. Jinsi harufu ya salfa inavyokaa katika kanga ya mama hata baada ya kufuliwa. Na jinsi Oktoba ikiingia nyumba nzima inavyookota, ikatenganisha korosho na mabibo, ikaanika, kisha ikangoja mnada wa RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, huku mwenye duka akipita mara kwa mara kuwajulia hali. Kijana huyo huenda hakulitaja neno uchumi popote, naye ameijibu mada kuliko wenzake wote. Ghalani mpimaji wa ubora hatosheki kulitazama gunia kwa nje, bali huchota korosho chache, akazikata, akakiangalia kiini. Na mwamuzi wa insha, akiridhika na utangulizi uliopambwa kwa methali tatu, amepima gunia.

Mada ya historia ya mahali ina mtihani mkubwa zaidi. Nachingwea ilijulikana duniani kwa sababu ya ule mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951 baada ya kupotea zaidi ya pauni milioni 36. Reli ikajengwa kutoka pwani ya Mtwara, ikafika, kisha ikang'olewa. Hapo hapo Nachingwea, miaka kadhaa baadaye, wapiganaji wa FRELIMO walipata mafunzo ya vita hata Msumbiji ikawa huru mwaka 1975. Mambo haya yamo vitabuni, na mwanafunzi mwenye bidii huyanakili kwa ufasaha: ukame, mashine zisizoiweza ardhi, haraka ya wapangaji. Ila yule aliyekwenda kumuuliza babu alilipwa kiasi gani kwa kung'oa visiki, na ni nani aliyelima baadaye pale wageni walipopaacha, ameleta jambo ambalo mwamuzi mwenyewe hakulijua. Nami nakiri kwamba ninapofunzwa kitu na mtoto wa kidato cha pili, kalamu yangu ya alama huwa karimu.

Adabu ya kuitii mada, kwa hakika, hutukuzwa kupita kiasi. Katika mashindano ya hadithi ya mwaka 1957 na 1958, yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, zawadi ya kwanza alipewa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar kwa hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, na ndimo alimozaliwa Bwana Msa, mpelelezi na kiko chake. Lau waamuzi wale wangalishikilia kuwa hadithi njema sharti iwe ya mawaidha, Bwana Msa angalibaki kabatini. Leo tunayo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, iliyotolewa mara ya kwanza Aprili 13, 2023. Na kwa kuwa azma yake ni kuchapisha miswada iliyoshinda ili ifike shuleni, hukumu inayotolewa Dar es Salaam huishia mikononi mwa mtoto wa Ruangwa.

Ruangwa ina mtego wa pekee. Aliyekuwa mbunge wake, Kassim Majaliwa, mwalimu kwa taaluma, alikuwa Waziri Mkuu tangu mwaka 2015 hata 2025, na insha yoyote ya maendeleo huko huelekea kugeuka kasida. Shukrani ni jambo la heshima, wala simlaumu mtoto anayeitoa. Lakini sifa ya mkubwa isihesabiwe kuwa hoja, na mwamuzi anayeogopa kuikata alama afadhali ajiuzulu mapema. Kadhalika kuficha majina kwa namba ni desturi njema isiyotosha katika wilaya ambazo mwalimu huutambua mwandiko wa mwanafunzi wake toka mbali: asipime insha za shule yake, basi.

Ugomvi usiokwisha ni wa urefu. Yaombwa maneno mia tano, naye mmoja analeta mia tatu zisizo na neno la kutupa, zikiwa bora kuliko zote zilizotimiza hesabu. Wenye kushika kanuni husema aondolewe. Wenye mapenzi na lugha husema apewe ushindi. Rai yangu ni kwamba alama zipunguzwe kama ilivyotangazwa, zawadi ya kwanza impate mwingine, na siku ya kutoa zawadi isomwe mbele ya wazazi ile insha fupi, mwenyewe akiwa radhi kusimama kuisoma.